Bangili za Mama Chiriku

Kuna aibu ya kufumaniwa, hiyo kila mtu anaijua. Na kuna aibu ya kusifiwa kwa jambo ambalo moyoni unajua umeliiba. Hii ya pili haina kelele. Inakaa nawe jikoni, inakusubiri kwenye kioo, na watu wakikupa mkono wa hongera unatamani kuurudisha wako mfukoni. Mama Chiriku aliionja hii ya pili kwanza, halafu ile ya kwanza ikaja kumalizia. Mama mwenzangu unayesoma hapa, kama una mtoto asiyeona, soma polepole.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Shangazi yake ndiye aliyempachika, kwa sababu yule mtoto mdomo wake haukujua kupumzika. Akiamka anaongea, akila anaongea, na akikatazwa kuongea anaimba. Macho yake yalizaliwa na ukungu. Mwanga aliuona, kivuli alikiona, kama mtu anayechungulia dunia kupitia karatasi iliyolowa mafuta. Zaidi ya hapo, basi. Baba yake alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa kufuata kazi mji kwa mji, akirudi nyumbani kwa mwezi mara moja. Mama yake alishona nguo sebuleni, cherehani yake ikitazama dirisha, na dirisha likitazama mtaa.

Na mtaa ndio uliokuwa ugonjwa wake. Hakumchukia mwanawe, hilo lieleweke. Angempa jicho lake moja kama lingechomoka. Lakini kila Chiriku alipopapasa ukuta kutafuta mlango, mama yake alihisi watu wote wamesimamisha shughuli zao kuangalia. Kumshika mkono nako kulimtia haya mtoto alipofika miaka minne, mitano. Mtoto mkubwa mzima anaongozwa kama kikongwe! Ndipo akabuni jambo la bangili.

Mkono wa kushoto alivaa bangili tatu za shaba, nene, zenye sauti nzito. Mkono wa kulia alivaa saba nyembamba za chuma, zikigongana zinalia kama vijiko kwenye droo. Akamfundisha mwanawe hivi: ukisikia nzito, pinda kushoto. Ukisikia nyembamba, pinda kulia. Zikilia zote pamoja, njoo mbele. Zikinyamaza, simama. Haikuchukua hata miezi miwili. Chiriku alikuwa na masikio ya popo, akaishika lugha ile kama aliyeinyonya na maziwa ya mama. Tangu hapo mama akitembea mtaani, mtoto yuko hatua mbili nyuma yake, mikono inaning'inia, kichwa juu, hapapasi chochote. Anazunguka shimo la maji, anakwepa meza ya muuza vocha, anapanda ngazi ya duka. Asiyejua angeapa kwamba mtoto yule anaona.

Wifi yake, yule shangazi wa Chiriku, alikuwa mtu wa kusema lake bila kulizungusha.

"Wifi, nyumba hii imekuwa zizi. Wewe ndiye mbuzi mwenye kengele, mtoto ndiye kundi."

"Si anatembea? Unataka nini tena?"

"Nataka siku moja kengele ivuliwe nione kundi linakwenda wapi."

"Ukizaa wako utamfundisha unavyotaka."

Wifi hakuwa na mtoto. Lilikuwa neno baya, na Mama Chiriku alilijua kabla halijafika mwisho wa ulimi, lakini lilikwisha toka. Wifi akaendelea kuchambua vifungo alivyokuwa akivichambua. Habari ya bangili haikuzungumzwa tena kwa muda mrefu.

Chiriku akafikisha miaka minane bila kukanyaga darasa. Kisha ikaja barua kutoka shule moja yenye darasa la watoto wasioona. Nafasi ipo, ilisema barua, ila kabla ya kufungua shule mtoto aletwe apimwe: anavyojua alipo, na anavyokwenda kutoka hapa hadi pale.

Apimwe. Neno hilo Mama Chiriku alilirudia kulisoma.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Siku matokeo yalipobandikwa ukutani, alisoma majina kuanzia juu hadi chini, halafu kuanzia chini hadi juu, halafu akaweka kidole kwenye karatasi na kushuka jina kwa jina mpaka mwenzake nyuma yake akasema, "Dada, tupishe na sisi." Jina lake halikuwepo. Kwake yeye kupimwa kulikuwa kuchujwa. Wanaojua wanaingia, wasiojua wanarudi kuosha vyombo. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kuna kipimo cha aina nyingine, na hata alipoelezwa, kama utakavyoona, hakuamini.

Wiki nzima kabla ya siku ile alimfanyisha Chiriku mazoezi uani. Alikaa kwenye kigoda, hakusogea, akatikisa mkono huu, akatikisa ule, na mtoto akapita katikati ya ndoo, mabeseni na kamba za nguo bila kugusa kitu.

"Siku ya kupimwa nitakuwa nimekaa hivihivi," alimwambia. "Na hii ni siri yetu. Mwalimu akikuuliza umejuaje njia, sema umezoea."

"Si kusema uongo, mama?"

"Si uongo. Kwani hujazoea?"

Chiriku akafikiri. "Nimezoea," akasema.

Siku ilipofika, shule ilikuwa bado imefungwa kwa likizo. Madarasa yalinuka chaki na vumbi, jiko lilikuwa na kufuli, na bomba la kuoshea vyombo lilidondosha tone moja moja. Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vya raba na kubeba ubao wenye karatasi zilizobanwa. Alisema yeye ni mwalimu wa mwendo. Kazi yake ni kufundisha wasioona kujua walipo na kufika wanakotaka.

"Karibu mama. Na wewe, bibi mdogo, habari yako?"

"Nzuri. Mwalimu, viatu vyako vinalia kama panya."

"Chiriku!"

"Mwache mama. Kweli vinalia. Umegundua nini kingine?"

"Chumba hiki hakina vitu vingi. Sauti inarudi. Na dirisha liko kule, naona mwanga."

Mwalimu akaandika. Akawakalisha, akauliza maswali: mtoto aliketi akiwa na miezi mingapi, alitambaa au hakutambaa, anajivalisha, anajimiminia maji? Mama Chiriku alijibu kila swali, kila umri akiupunguza nusu mwaka ili mtoto aonekane aliwahi. Kisha mwalimu akamwambia Chiriku aguse sikio lake la kushoto, aweke mkono nyuma ya mgongo, aseme kiti kiko mbele yake au ubavuni. Akavingirisha mpira wenye njuga ndani, naye aoneshe kwa kidole ulikokwenda. Yote hayo Chiriku aliyafanya mwenyewe, kwa akili yake. Laiti kipimo kingeishia hapo.

"Sasa tutatembea," alisema mwalimu. Wakatoka barazani. Baraza lilikuwa refu, sakafu ya saruji, upande mmoja milango ya madarasa na upande wa pili hakuna ukuta wala kizuizi. Ni ukingo tu, na chini yake mtaro wa maji ya mvua, kina cha kufika kiunoni kwa mtoto. Kwenye kona palikuwa na benchi.

"Mama, kaa hapa. Nakuomba usimwelekeze. Akigonga kitu, mwache agonge. Kugonga nako ni jibu. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli, nataka tu kujua nianzie wapi kumfundisha."

Hakuna kufaulu wala kufeli! Mwalimu wake wa darasa la saba alisema maneno kama hayo asubuhi ya mtihani, akiwagawia penseli. Mama Chiriku akatabasamu kwa adabu.

"Sitasema neno, mwalimu."

Na kweli, hakusema neno.

Chiriku alisimama mlangoni pa darasa la kwanza. Bangili zote zikalia kidogo, kama mtu anayejipanga vizuri kwenye benchi. Akaja mbele, amenyooka kama uzi. Mwalimu alikuwa ameweka ndoo katikati ya njia. Bangili nyembamba zikalia, mtoto akaenda kulia. Nzito zikalia, akarudi kushoto. Akafika konani. Kimya. Akasimama. Mama akajikuna shavu kwa mkono wa kushoto, na mtoto akapinda kushoto kuelekea bombani. Hata zile ngazi tatu za kushukia uwanjani, mama alimsimamisha kwa kimya juu ya ngazi ya kwanza, akampeleka kwa bangili zote polepole, mguu, mguu, mguu.

Mwalimu wa mwendo aliacha kuandika. Akamwangalia mtoto, akaangalia tena ubao wake.

"Nani amekufundisha kutembea hivi?"

"Nimezoea," alisema Chiriku.

"Umezoea! Hujawahi kufika hapa."

 Chiriku akageuza uso kuelekea kwenye benchi. Mama yake akaingilia kati haraka: "Nyumbani tunamwacha ajitegemee, mwalimu. Hatumdekezi."

"Hongera, mama. Kweli nakupa hongera. Mimi nina miaka kumi na miwili katika kazi hii, nimeona wazazi wanawabeba watoto wa miaka tisa mgongoni. Wewe umefanya kazi yangu." Akamshika mkono, mkono wa kulia, na bangili saba nyembamba zikalia kati ya viganja vyao viwili. Mama Chiriku alihisi zinamuunguza.

Kwenye karatasi mwalimu aliandika: *Anajimudu. Hahitaji fimbo kwa sasa. Aingie darasani moja kwa moja.* Alieleza kwamba muhula ule alikuwa na nafasi nane tu za mafunzo ya fimbo, na wenye shida zaidi ndio wangeanza. Wakati wa kuaga, Chiriku mikono yake ilikutana na fimbo nyeupe iliyoegemezwa mlangoni. Akaishika, akaigonga sakafuni mara mbili, akasikiliza. Uso ukamchanua.

"Mama, inaongea! Hii ya nani?"

"Si yako," alisema mama yake, akaitoa mikononi mwake na kuirudisha ukutani.

Nyumbani jioni ile wanawake wa jirani walikuja kupongeza. Mama Chiriku alisoma ile karatasi mara tatu, kila aliyeingia akasomewa upya. *Anajimudu.* Jina la mtoto lilikuwa pale juu, limeandikwa kwa wino. Wifi alisubiri wenzake waondoke.

"Hongera wifi. Bangili ulivua?"

Mama Chiriku alijifanya anatafuta mkasi.

Shule ikafunguliwa. Asubuhi alimpeleka Chiriku mpaka mlangoni pa darasa, bangili zikimwongoza, na mchana akamfuata. Katikati ya hapo alishona vibaya. Aliambatanisha mkono wa gauni la mteja mahali pa shingo. Mara mbili aliondoka kwenye cherehani akafika hadi njia panda ya kwenda shule, akajiuliza atasema nini akifika, akarudi. Angesema nini? Mwalimu, yule mtoto uliyemwona siye? Jumatatu ikapita salama, Jumanne ikapita. Mtoto aliyekaa naye dawati moja, mwenye uoni kidogo, alimshika mkono kila walipotoka. Jumatano, Alhamisi. Mama akaanza kujiambia kwamba labda uongo ukikaa sana unageuka kweli.

Ijumaa yule mwenzake hakuja shule, alikuwa anaumwa. Kabla ya mapumziko Chiriku aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Mwalimu wa darasa aliitazama ile karatasi ya *anajimudu* iliyobandikwa ndani ya daftari la mahudhurio, akamwambia nenda, mwanangu. Kwenda alikwenda, akipapasa ukuta kwa siri kama mwizi, kwa sababu alifundishwa kwamba kupapasa ni aibu. Kurudi, alipofika katikati ya baraza, alisikia bangili.

Bangili nyembamba, za chuma, kama vijiko kwenye droo.

Alikuwa mpishi wa shule. Siku ya kupimwa hakuwepo, jiko lilikuwa limefungwa. Siku hiyo aliinama penye bomba akisugua sufuria kwa mchanga, na mkono wake wa kulia, wenye bangili zake tano alizorithi kwa mama yake, ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

Moyo wa Chiriku ulifurahi. Mama amekuja! Na mama anasema pinda kulia.

Chiriku alipinda kulia. Hakupapasa, hakupunguza mwendo. Kichwa juu, mikono inaning'inia, kama alivyofundishwa. Alipiga hatua moja, ya pili, na ya tatu haikukuta sakafu.

Mpishi alisema baadaye kwamba alimwona mtoto anamjia huku anatabasamu, akadhani anamwona.

Mama Chiriku alipofika hospitali alimkuta mwanawe kitandani, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu kutoka kwenye kiganja hadi juu ya kiwiko, mdomo umeshonwa nyuzi tatu, jino moja la mbele halipo. Alikuwa kimya. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi, kuliko damu kwenye kola ya sare. Kando ya kitanda, mwalimu wa mwendo alikuwa amekaa na ubao wake magotini, macho mekundu. Mpishi alisimama mlangoni na aproni yake bado imelowa.

"Mama, nisamehe," alianza mwalimu kabla hajasalimiwa. "Kosa ni langu. Niliandika anajimudu. Kuna kitu sikukiona, na sijui ni kipi. Nimekwisha mwambia mkuu wa shule kwamba nilimpima vibaya, na leo namwandikia kwa maandishi. Pengine wataniondoa kwenye kazi hii, na si ajabu. Lakini nikiwaza namna alivyopinda ile kona..." Akatikisa kichwa. "Nimemuuliza imekuwaje, hasemi zaidi ya neno moja."

"Nilisahau kuhesabu hatua," alisema Chiriku kupitia midomo iliyovimba. "Nilikosea mwenyewe."

Mama mwenzangu, nikuambie ukweli. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Mtoto amejitwika, mwalimu amejitwika, mpishi analia na hata hajui analilia nini. Mama Chiriku angeweza kuitikia tu, akasema bahati mbaya mwalimu, mambo ya Mungu, na habari ingeishia hapo. Na aliona wazi kabisa kwamba yule mtoto wa miaka minane, mwenye mkono uliovunjika, alikuwa amelala pale akimfichia mama yake. Alimfundisha kusema uongo uani, katikati ya ndoo na mabeseni, na mwanafunzi alikuwa amefaulu.

Alifungua mdomo. Sauti haikuja. Alijaribu tena, ikatoka kama kikohozi. Basi akafanya kile alichokijua. Aliinua mkono wa kulia kidogo, akautikisa.

Kichwa cha Chiriku, juu ya mto, kikageuka kulia.

Akatikisa wa kushoto. Kichwa kikageuka kushoto.

Akatikisa yote miwili, na mtoto, na plasta yake, na nyuzi zake tatu, akaanza kujiinua kitandani ili aje.

Akanyamaza. Chiriku akasimama hapohapo, amejiinua nusu, anasubiri.

 Mpishi alitazama mkono wake mwenyewe wa kulia, bangili tano, polepole akaelewa, akaufunika kwa aproni. Mwalimu wa mwendo alivua miwani, akaifuta, hakuivaa.

"Kumbe siku ile," alisema, "nilimpima mama. Sikumpima mtoto."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Mama Chiriku alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na badala yake akapewa sentensi hiyo moja, nayo ikamvua nguo mbele ya watu.

"Niliogopa mtamkataa," alisema. "Niliogopa atafeli."

"Nilikuambia hakuna kufeli."

"Nilisikia. Sikuamini."

"Ungemwacha agonge ile ndoo, mama. Ile ndoo moja tu. Angekuwa wa kwanza katika wale nane."

Chiriku akasema, "Mwalimu, usimgombeze mama. Siri ilikuwa yetu wote."

Hapo ndipo Mama Chiriku alipokaa chini sakafuni, kati ya vitanda viwili, akajifunika uso kwa mtandio. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake kifo hakikuja, kilipita karibu tu, lakini kuumbuka aliumbuka.

Bangili alizivua siku ileile. Za shaba zilitoka kwa urahisi. Zile nyembamba zilikuwa zimekaa miaka, ikabidi apake sabuni. Alipofika nazo nyumbani, wifi alizitazama zimekaa mezani, akamtazama mkono. Mama Chiriku akamweleza yote. Alitarajia kuambiwa "nilisema mimi." Wifi alizichukua bangili, akazifunga kwenye kitambaa zisilie.

"Na lile neno nililokuambia siku ile," alisema Mama Chiriku.

"Lipi?"

"Unalijua."

"Nalijua," alisema wifi. "Leo tushughulike na mtoto."

Lakini nyumba bila bangili ilikuwa mateso mengine. Chiriku alipotoka hospitali alikuwa akisimama katikati ya sebule anayoijua tangu kuzaliwa na kuita, "Mama? Uko wapi?" Mama yuko mkono mmoja kutoka kwake, anashona. Miaka yote mtoto alikuwa hajui nyumba, alijua bangili. Hakujua meza iko wapi, alijua tu pale bangili zinaponyamaza. "Nipo hapa," mama alisema, kwa mdomo. "Nipo hapa." Siku ya kwanza alisema hivyo labda mara hamsini.

Plasta ilipotolewa, walirudi kwenye lile baraza. Mpishi alikuwa jikoni, amevua zake kwa hiari yake, ingawa hakuna aliyemwomba. Mama Chiriku alikaa kwenye benchi lilelile, mikono mitupu ameibana katikati ya magoti. Mwalimu wa mwendo alimwacha mtoto mlangoni pa darasa, yeye akasimama ukingoni mwa mtaro, tayari kumdaka.

"Nenda mpaka konani, Chiriku."

Chiriku alisimama. Alisubiri. Uso wake uligeukageuka kutafuta sauti ambayo haikuja, na mama yake akauma mtandio. Kisha mtoto akapiga hatua tatu, zikapinda, akagonga nguzo kwa paji la uso. Akaanza upya. Akagonga ndoo, ikaviringika mpaka mtaroni kwa kelele zilizowatoa watu madarasani. Akapotea akazunguka, akajikuta mlangoni alikoanzia. Dakika ishirini. Watu wakiangalia. Na mama akatazama yote, hakuruhusiwa kufumba macho. Hakuna aliyemkataza, alijikataza mwenyewe.

Karatasi ya siku ile iliandikwa *hajui* mara tisa. Mwalimu alimsomea mstari kwa mstari. "Hii ndiyo karatasi nzuri," alisema. "Ile nyingine niliichana." Mtoto aliyekuwa wa nane kwenye orodha alikuwa amehama shule, ndiyo sababu Chiriku alipata fimbo muhula ule; vinginevyo angesubiri mwaka. Barua ya mwalimu kwa mkuu ilikwisha kwenda, na haikurudishwa. Hakuondolewa kazini, ila aliandikiwa onyo, na onyo hilo liko kwenye faili lake mpaka leo, kwa kosa la mtu mwingine.

Siku ya kwanza ya fimbo mtaani, Mama Chiriku alitaka dunia immeze. Ko, ko, ko, sauti ilitangulia mbele yao kila mahali. Muuza vocha alitoa kichwa chake.

"Mama Chiriku! Hatimaye mtoto kapata fimbo."

"Ulijua kama haoni?"

"Mama, mtaa mzima tunajua tangu anatambaa. Tulikuwa tunajiuliza tu wewe utajua lini."

Miaka minane alikuwa akificha kitu kilichokuwa mezani kwa kila mtu.

Sasa nimalizie kwa Jumamosi moja, miezi minne baadaye, kwa sababu nisingependa uondoke ukidhani fimbo inafuta kila kitu. Walikuwa wanaenda dukani. Mwalimu alikuwa amemwagiza mama: kaa hatua tatu nyuma, nyamaza, mpaka akuite. Chiriku alikuwa mbele, ko, ko, akijisimulia njia kwa sauti: hapa mlango wa chuma, hapa harufu ya kinyozi. Upande wao wa kulia palikuwa na mtaro mkubwa wa barabara, hauna kifuniko. Ng'ambo yake akapita mwanamke amejitwisha kapu, na mkono wake wa kulia, ulioshika kapu lile, ulikuwa umejaa bangili nyembamba.

Zikalia.

Chiriku akanyamaza. Mguu wake wa kulia ukageuka.

Mama yake aliuona mguu ule ukigeuka kabla mtoto hajajua ameugeuza. Mkono ukamruka wenyewe, mkono wa kushoto, kutikisa bangili nzito ambazo hazipo tena. Mdomo ukafunguka. Hatua tatu tu. Akili ilimwambia piga kelele, na akili hiyohiyo ikamkumbusha nani alimfikisha mtoto hapa. Akajishika kifua, akanyamaza, na kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo, yeye haijui.

Fimbo ilitangulia kwenda kulia. Ko. Ko. Halafu haikulia, ikatumbukia hewani.

Chiriku alisimama. Akaipeleka fimbo huku na huku, akapata ukingo wa mtaro, akaugonga mara mbili. Mwanamke wa kapu alikuwa amekwisha pita. Mtoto alikaa pale kitambo, shingo kaielekeza kule bangili zilikoishia.

"Mama," aliita, "huyo hakuwa wewe, sivyo?"

"Hakuwa mimi," alisema mama yake. "Nipo hapa nyuma."

"Nilijua," alisema Chiriku. Lakini alichelewa kidogo kulisema, na mama yake alikuhesabu kule kuchelewa, na bado anakuhesabu.